Git inamjua msaidizi wake kwa jina tu

Kabla hujaendelea kusoma, fungua terminali, andika `git --exec-path`, halafu bonyeza Enter. Kama kompyuta yako ina Ubuntu au Debian utajibiwa `/usr/lib/git-core`. Kama ni Fedora, `/usr/libexec/git-core`. Haya, ingia kwenye folda hiyo uone kilichomo. Majina zaidi ya mia, na karibu yote yanaanza na `git-`. Wengi wetu tumetumia Git miaka mitatu minne, tumeandikia tasnifu, na hatukuwahi kujua kwamba folda hiyo ipo.

Mimi niliijua kwa taabu. Maabara yetu ina seva moja ya pamoja, na kwa kuwa mimi si msimamizi wake siwezi kusakinisha kitu kwa mfumo mzima. Git iliyokuwepo ilikuwa ya zamani mno. Mwenzangu aliyenitangulia mwaka mmoja alikuwa amejijengea Git mpya ndani ya folda yake mwenyewe, akaniambia, "Chukua tu, nakili yote." Nikanakili. `git status` ikafanya kazi. `git log`, sawa. `git push`, sawa kabisa. Jamaa akamaliza masomo, akaondoka, na baada ya muda akaunti yake ikafutwa kama ilivyo kawaida. Hakuna aliyefikiria lolote.

Kisha usiku mmoja, kesho yake natakiwa niwe nimempelekea msimamizi wangu wa utafiti sura ya tatu pamoja na programu za uchambuzi, naandika `git push` na napewa hii:

`fatal: Unable to find remote helper for 'https'`

Ukiwa umechoka, macho yanashika maneno mawili tu: remote, na https. Yaani mtandao, si ndiyo? Basi nikashughulika na mtandao. Nikabadilisha nenosiri. Nikatengeneza tokeni mpya. Nikamwandikia mtu wa mitambo ya chuo, ambaye alijibu kistaarabu kwamba intaneti ya seva haina tatizo. Katikati ya hangaika hizo nilijaribu `git init` kwenye folda tupu, ikanipa onyo kwamba haikuona violezo fulani, na njia iliyoandikwa kwenye onyo hilo ilikuwa na jina la yule mwenzangu. Jina la mtu aliyekwishaondoka, liko pale kwenye skrini yangu! Nikalipita bila kulitazama mara mbili. Nililala saa tisa usiku na sura haikwenda.

Kumbe tatizo halikuwa na uhusiano wowote na mtandao. Git ilikuwa imekwenda kumtafuta msaidizi wake kwenye nyumba iliyobomolewa.

Hapa inabidi tuelewane jambo moja. Git si programu moja. Toleo la kwanza kabisa ambalo Linus Torvalds aliliweka kwenye kumbukumbu tarehe 7 Aprili 2005 lilikuwa programu saba ndogondogo, zenye majina kama `init-db`, `write-tree` na `cat-file`, kila moja na kazi yake. Ndiyo desturi ya Unix: vifaa vidogo, kisha unaviunganisha kwa skripti. Baadaye zikapewa kiambishi `git-` mbele zisije zikagongana na programu nyingine, zikazidi kuongezeka, na juu yake ikawekwa programu moja iitwayo `git` ambayo kazi yake kubwa ni kupokea agizo na kulipeleka kwa anayehusika.

Fikiria mhudumu wa mgahawa. Ukiagiza chai au maji anakupa mwenyewe, viko hapo kaunta. Ukiagiza pilau anakwenda jikoni. `git log`, `git commit` na `git status` ni za kaunta: zimo ndani ya programu `git` yenyewe. Lakini kuongea na seva kwa https ni ya jikoni. Inafanywa na programu nyingine kabisa, `git-remote-https`, inayobeba mzigo wa maktaba ya curl ili `git` yenyewe isiubebe kila unapotaka kuangalia historia tu. Mgao huu hubadilika: `git pull`, kwa mfano, ilikuwa skripti ya shell hadi 2015, ndipo ikaandikwa upya kwa C na kuhamia kaunta.

Sasa mhudumu anajuaje jiko liko wapi? Ameambiwa siku alipoajiriwa. Git inapojengwa kutoka kwenye msimbo wake, anwani ya folda ya wasaidizi inachapwa ndani ya programu yenyewe. Ukija kuihamisha programu kwenda kwingine, anwani haihami nayo. Mimi nilimhamisha mhudumu pamoja na wapishi wake wote, nikawaweka nyumba moja, lakini kila aliposikia "pilau" alitoka nje akaenda kwenye mgahawa wa zamani. Siku zote zile alikuwa anapika kwa jirani na mimi sijui. Jirani alipofunga, pilau ikaisha.

Dawa ilikuwa mstari mmoja wa kuiambia Git jiko jipya liko wapi: `export GIT_EXEC_PATH=$HOME/git/libexec/git-core`. Mstari mmoja! Niliupata asubuhi, baada ya kuomba radhi kwa msimamizi.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu kuliko linavyostahili, pengine, na nataka kulitendea haki, maana mpango wenyewe una mengi mazuri ambayo watu hawayasemi.

Zamani hizo programu zote za Git zilikaa `/usr/bin`, mahali pa wazi ambapo kila amri ya mfumo inakaa. Ukiandika `git-` kwenye terminali ukabonyeza Tab, unamwagiwa orodha ya majina zaidi ya mia moja, mengi ambayo mtu wa kawaida hatayatumia maisha yake yote. Mgeni akiona vile anakata tamaa. Mwezi Agosti 2008 lilitoka toleo la 1.6.0, na ndani yake programu hizo zikaondolewa mbele ya watu, zikapelekwa nyuma kwenye folda yao. Mbele zikabaki `git`, `gitk` na chache za upande wa seva. Watengenezaji walikuwa wametoa taarifa mapema kwenye maelezo ya toleo la 1.5.4, lakini nani anasoma maelezo ya toleo? Skripti zilizoandikwa `git-commit` badala ya `git commit` zikaanguka, na malalamiko yakafuata.

Kwa maoni yangu walifanya sawa. Jiko halipaswi kuwa barazani. Hata kompaila ya C tayari ilikuwa na desturi hiyo kwenye Unix ya 1979: amri `cc` unaiita wewe, lakini hatua zake za ndani zilikaa `/lib`, na hakuna aliyetarajiwa kuziita kwa mkono. GCC nayo iko hivyo hadi leo. Unaita `gcc`, yeye anamwita `cc1` aliyeko uani.

Zile chache za seva zilizobaki mbele zina kisa chake, na kinaonyesha mfumo huu unavyoshikana. Unapovuta repo kwa ssh, Git yako inaingia kwenye kompyuta ya mbali na kuomba iendeshwe programu iitwayo `git-upload-pack`. Nani anaitafuta huko? Si Git, ni shell ya kompyuta ile, na shell haijui habari za `git-core`. Inajua PATH tu, ile orodha ya folda inazopitia moja baada ya nyingine kutafuta amri, na inasimama kwenye ya kwanza yenye jina hilo. Kwa hiyo msaidizi huyo lazima akae mtaani, siyo uani. Kama umewahi kuona `git-upload-pack: command not found` wakati Git ipo kabisa kwenye seva, sasa unajua: ipo, lakini haimo kwenye PATH ambayo ssh inapewa.

Jambo la pili la kusifia ni ukarimu. Jina usiloifundisha Git, tuseme `git habari`, inafanya hivi: inaangalia kama ni amri ya kaunta. Si ya kaunta? Inatafuta programu iitwayo `git-habari` kwenye `git-core`, kisha kwenye folda zote za PATH. Ikikosa hapo inaangalia vifupisho ulivyojiwekea mwenyewe. Maana yake ni kwamba wewe, leo hii, bila ruhusa ya mtu, unaweza kuiongezea Git amri mpya. Andika skripti ya mistari miwili, iite `git-habari`, ipe ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x`, iweke kwenye folda iliyomo kwenye PATH. Andika `git habari`. Inakuitikia kama vile ilizaliwa nayo. (Usijaribu `git habari --help` lakini. Itakimbilia kutafuta kurasa za mwongozo wa `git-habari`, ambazo hujaziandika, na itakulaumu kwa hilo.)

Hakuna fomu ya kujaza, hakuna sajili. Mkataba wote ni jina. Git LFS, chombo ambacho watu wengi wanaoshika mafaili makubwa ya picha au jenomu wanakitumia, kiliingia kwa mlango huo huo: ni programu iitwayo `git-lfs`, basi. Mtindo wenyewe umeigwa. Cargo ya lugha ya Rust inatafuta `cargo-` na jina, kubectl ya Kubernetes inatafuta `kubectl-` na jina.

Lakini mkataba wa jina peke yake una upande wa pili, na hapa ndipo sifa zangu zinapungua. Anayeitwa Juma akija mlangoni, unamfungulia kwa sababu anaitwa Juma. Hujauliza Juma yupi.

Kwenye Linux tunaponea kwa sababu kawaida PATH haina folda uliyomo sasa hivi. Walimu wetu walitukataza kuweka nukta kwenye PATH, na wengi tulidhani ni ushamba wa wazee. Windows ina mazoea mengine: mara nyingi folda uliyomo inatazamwa kwanza, kabla ya PATH. Mwaka 2020 iligundulika kwamba Git LFS kwenye Windows, ilipohitaji kuiita Git (ndiyo, msaidizi naye humwita bosi), iliweza kuikuta `git.exe` iliyolala ndani ya repo uliyoivuta na kuiendesha hiyo badala ya Git yako. Fikiria unachofanya kila wiki: unavuta repo ya mtu usiyemjua kwa sababu makala yake ilisema data ziko humo. Rekebisho la kwanza la kosa hilo lilikuja na toleo la 2.12.1. Git LFS imeandikwa kwa lugha ya Go, na tangu Go 1.19 ya Agosti 2022 maktaba yake ya kuendesha programu inakataa kuendesha kitu kilichopatikana kwa njia hiyo, isipokuwa mwandishi ameruhusu kwa makusudi.

Halafu, Januari 2023, kikaja kisa kinachofanana nacho kama mapacha. Git GUI, lile dirisha la kubonyeza linalokuja pamoja na Git, lina kikagua tahajia. Baada ya kuvuta repo lilikuwa linamtafuta msaidizi aitwaye `aspell.exe`. Dirisha hilo limeandikwa kwa Tcl, na Tcl kwenye Windows kila mara hutazama pia folda uliyomo. Kwa hiyo mtu mbaya alihitaji tu kuweka `aspell.exe` yake juu kabisa kwenye repo. Wewe unavuta, na kabla hujafungua faili hata moja programu yake imeshaendeshwa. Kikagua tahajia! Ndicho kilichokuwa mlango. Rekebisho lilikuja na toleo la 2.39.1.

Angalia kwamba katika visa vyote viwili aliyeandika programu hakufanya uzembe wa wazi. Aliandika "endesha `git`", "endesha `aspell`", kama sisi sote tunavyoandika kwenye skripti zetu za Python usiku wa manane. Swali la *iko wapi* aliliachia mfumo, na mfumo ulijibu vibaya.

Kwa hiyo nikirudi kwenye ile anwani iliyochapwa ndani, iliyoninyima usingizi: ina utetezi. Anwani isiyobadilika haidanganyiki kirahisi. Halafu kwenye Unix programu haina njia moja ya uhakika ya kujua yenyewe imekaa wapi. Inaambiwa jina iliyoitwa kwalo, na jina hilo linaweza kuwa kiungo kinachoelekeza kwingine. Linux ina `/proc/self/exe`, macOS ina njia yake, wengine wana yao. Kwenye Windows, ambako watu hupenda kusakinisha popote, Git ilishajifunza kujitafutia jiko kwa kuangalia yenyewe ipo wapi, na mwaka 2018, toleo la 2.18, uwezo huo ukaletwa kwenye Linux na ndugu zake. Ila lazima anayeijenga auchague. Mwenzangu hakuuchagua, na mimi nisingejua kumwambia.

Hilo nalisamehe. Nisichosamehe ni ule ujumbe.

Usome tena. "Unable to find remote helper for 'https'." Unataja itifaki, hautaji programu. Neno `git-remote-https` halimo. Folda iliyotazamwa haimo. GCC ikimkosa mpishi wake inasema haikuweza kuendesha `cc1`, kwa jina. Haikuambii ilitafuta wapi, lakini angalau una jina la kulitafuta. Git ikikosa Git LFS inasema `'lfs' is not a git command`, na wakati mwingine inaongeza kwa upole kwamba amri inayofanana zaidi ni `log`. Lakini `lfs` *ingekuwa* amri ya Git kama faili lenye jina hilo lingekuwepo, hiyo ndiyo kanuni yake yenyewe! Jibu la kweli ni "sikuona programu iitwayo `git-lfs` kwenye `git-core` wala kwenye PATH". Ni maneno machache zaidi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua pa kuanzia.

Mtu wa Git ataniambia taarifa hiyo ipo, ongeza tu `GIT_TRACE=1` mbele ya amri. Kweli, ukifanya hivyo utaona Git ikijaribu kumwita `remote-https`, na hapo akili inafunguka. Lakini anayejua `GIT_TRACE` kwa kawaida hahitaji tena kuelezwa kwamba Git ina wasaidizi. Umemwekea taa mtu ambaye tayari anaona. Watu wa kubectl waliliona hili: ukiandika `kubectl plugin list` unaonyeshwa kila nyongeza ilipo, njia kamili, na unaonywa ikiwa moja inafunikwa na nyingine yenye jina hilo hilo au haina ruhusa ya kuendeshwa. Mkataba ule ule wa jina, ila umewekwa mezani unaonekana.

Git inakaribia hapo kidogo. Andika `git help -a` ushuke hadi chini. Baada ya amri zake zenyewe utakuta sehemu ya amri za nje, zile ambazo Git imezikuta kwenye PATH yako na iko tayari kuziendesha. Haikuambii ziko folda gani, kwa hiyo kwa kila jina usilolikumbuka andika `which git-` na jina hilo. Kwangu zilikuwa tano. Nne nilizijua. Ya tano ilikuwa kwenye folda niliyoinakili kutoka kwa yule mwenzangu, na nimemwandikia kumuuliza inafanya nini.